Bibi wa Ukutani

Shoga, weka sufuria chini usome. Leo nusura nifukuzwe kazi.

Unaikumbuka ile picha ya bibi mwenye shanga, kwenye nyumba yetu ya makumbusho? Yule ninayewaambia watalii kila siku kwamba ni bibi yake mama yangu. Usinicheke, watalii wanapenda kutembezwa na mwenye nyumba.

Basi leo nimefika pale, mkono kifuani, sauti nimeishusha: "Huyu ndiye aliyemlea mama yangu." Mama mmoja mtu mzima, amekuja na kundi kutoka ng'ambo, akafungua pochi akatoa picha ileile. Ileile, shoga. Shanga zilezile.

Na meneja kasimama mlangoni. Yule aliyeapa kwamba atakayetunga historia tena ataenda kuitungia kwao.

Mama akanitazama. "Wewe mjukuu wa nani?"

Mimi, na mdomo huu unaoujua, nikamtupia jicho meneja.

Mama naye akamgeukia: "Tulipotezana siku nyingi na huyu mtoto." Meneja akacheka hadi magego yakaonekana, akaenda zake.

Kisha mama akaninong'oneza: "Mwongo mkubwa wewe. Ukoo mzima nimebaki mimi tu, na mimi nakaa mbali. Endelea kumwita bibi, asikose wa kumtaja. Ila mfute vumbi."

Mfute vumbi, shoga. Nimemfuta kwa mtandio wangu mwenyewe.

Asubuhi nimeingia kazini yatima, jioni nimetoka na bibi.