Maelezo ya Mama Pacha Kuhusu Vidonge vya Kichwa vya Mumewe

MAELEZO YA SHAHIDI (NYONGEZA)

Shahidi: Mama Pacha
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi cherehani, sare za shule
Makazi: Nyumba ya nne nyuma ya karakana ya magari
Yamechukuliwa kituoni tarehe 15 mwezi wa tatu, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi

Mimi ni mke wa mchora mabango anayeitwa na wengi Baba Pacha. Tuna miaka kumi na tisa ya ndoa na mabinti wawili pacha ambao wako shule ya bweni. Nimekuja kwa hiari yangu. Afande amenionya kwamba maelezo niliyoandikisha juzi, tarehe 13, yanaweza kunifungulia shauri mimi mwenyewe, nikamjibu kwamba naelewa. Nataka kuyarekebisha kwa sababu kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili ya mdomo wangu.

Mume wangu anaandika majina ya maduka kwa brashi. Ni kazi ya ngazi, jua na harufu ya rangi kutwa nzima. Kuanzia mwezi wa kwanza mwaka huu nilimwona amebadilika. Akila vijiko vitatu anasukuma sahani. Usingizi ulimpotea, akawa anajigeuza kitandani mpaka shuka linang'oka pembe zote. Mara kwa mara anatoka, anasema anakwenda msalani, na mimi nahesabu dakika. Nikilaza kichwa kifuani pake nasikia moyo unakwenda kama cherehani ninapofukuzana na kazi ya watu. Na mikono ilikuwa inamtetemeka.

Hali hiyo mimi naijua. Mwaka aliponichumbia alikuwa hivyo hivyo. Siku alipokuja kwetu kujitambulisha, kikombe kiligongana na kisahani chake hadi dada zangu wakakimbilia jikoni kucheka. Kwa hiyo nilipoiona tena baada ya miaka kumi na tisa sikufikiria ugonjwa. Nilijua amependa. Na nilijua si mimi, maana hakuna mwanamume anayemtetemekea mtu anayemfulia soksi.

Mnamo tarehe 6, saa kumi jioni, nilikuwa napekua mifuko ya suruali yake ya kazi kabla ya kuiloweka. Nilikuta maganda matano ya vidonge vya kichwa, yote matupu, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa kike, wa herufi za mviringo. Iliandikwa: "Leo visizidi vinne. Ukishindwa kuvumilia usiende kwingine, njoo kwangu." Hivyo vinne sikuvijali kabisa. Nilishikwa na yale maneno mawili ya mwisho. Niliirudisha karatasi, nikaanika suruali bila kuifua, nikamwambia maji yalikatika.

Mnamo tarehe 9, saa saba na nusu mchana, nilimfuata. Aliingia duka la dawa lililopo kona ya barabara ya soko. Mimi nilikaa kwa fundi viatu upande wa pili, nikavua kiatu kizima na kumwambia kisigino kimelegea. Muuza dawa wa pale ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, koti jeupe, nywele kazibana nyuma. Mume wangu aliegemea kaunta akawa anaongea. Anaongea sana. Nyumbani alikuwa ananijibu kwa neno moja, tena kwa kunung'unika. Yule mwanamke alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamshika mkono, hapa kwenye kifundo, akatulia naye hivyo huku akitazama saa ya ukutani. Nilidhani wanapanga saa ya kukutana. Fundi viatu aliniambia kisigino hakina tatizo, nikamwambia agonge tu.

Mnamo tarehe 13, saa nne na robo asubuhi, mume wangu alianguka kutoka kwenye ngazi akiandika bango la duka la vyombo. Mwenye duka alinieleza kwamba alishika kifua, akasema dunia inamzunguka, kisha akaachia brashi. Alivunjika kiwiko cha kushoto na mbavu mbili. Mimi nilipata habari saa tano na nusu nikiwa na kola mkononi. Nilipofika hospitali muuza dawa alikuwa ameshafika, kwa kuwa mwenye duka la vyombo ni jirani yake na alimwita aje kusaidia. Alikuwa amesimama nje ya wodi. Ameshika viatu vya mume wangu, vyote viwili, amevikumbatia kwenye lile koti lake jeupe.

Alianza kuniambia, "Pole, dada. Wewe ndiye Mama Pacha? Ameniambia habari zako." Nilimnyang'anya viatu. Sikumruhusu aendelee. Nilitoka pale nikaja hapa kituoni moja kwa moja, hata mgonjwa sijamwona.

Hapa niliandikisha kwamba nilimwona muuza dawa akimpa mume wangu vidonge visivyo na paketi na kumwambia avimeze mbele yake, na kwamba alifanya hivyo siku tatu tofauti. Hilo sikuliona. Hakuna hata siku moja. Nilichokiona ni mkono juu ya mkono. Nilijua kwa hilo pekee hakuna atakayekamatwa, ndiyo maana nikaongeza. Saa tisa alasiri ya siku hiyo alichukuliwa dukani kwake mbele ya wateja.

Jana, tarehe 14, saa tisa mchana, daktari aliniita mezani kwake. Aliuliza mume wangu anakunywa kahawa kiasi gani, nikasema anabeba chupa nzima kazini. Alinieleza kwamba baadhi ya vidonge vya kichwa vina kafeini, ile ile ya kwenye kahawa, inayowekwa ili dawa ipate nguvu. Mtu akimeza viwili siku moja moja, wengi hawapati shida. Mume wangu alikuwa amefika kumi na viwili kwa siku, na kahawa juu yake. Akasema ndipo moyo unapokwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, tumbo linakataa chakula, mtu anakuwa mkali na haja ndogo haziishi. Akijaribu kuacha ghafla, kichwa kinamgonga zaidi, anarudia. Damu yake walikuwa wameipima pia kwa sababu vidonge vingi hivyo huweza kuharibu ini, na ini ni zima.

Nilimsikiliza akizitaja moja moja, nikazitambua zote. Zilikuwa zile zile nilizokuwa nimeziweka kwenye hesabu ya mapenzi. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi nusu.

Kutoka hapo nilikwenda kwa mume wangu nikamuuliza habari za muuza dawa. Alisema mwanzoni yule mwanamke alikuwa anamuuzia kama mteja yeyote. Mwezi wa pili alianza kumkatalia, akagundua mume wangu ananunua vibandani, ndipo akaamua kumpunguzia kidogo kidogo na kumwandikia idadi ya kila siku, na kumpima mapigo ya moyo. Mara tatu alimwambia aende hospitali. Hakwenda, kwa hofu ya kuambiwa asipande tena ngazi.

Nilimuuliza kwa nini hayo yote ayajue yeye na mimi nisiyajue. Alisema, "Mwezi wa kwanza nilikwambia kichwa kinaniuma. Ukaniambia kila siku kichwa, kwani una mimba? Nikaona basi."

Ni kweli nilisema hivyo. Nilisema mbele ya wateja wangu, na wateja walicheka.

Akaongeza, "Yule ni mtu baki, Mama Pacha. Nikimwambia mkono umeanza kunikataa, haniangalii vibaya. Wewe ndiye ninayekulisha kwa huo mkono."

Afande ameniuliza kama sasa nimeridhika kwamba hapakuwa na mapenzi kati yao. Nimeridhika. Ameniuliza kama bado nina kinyongo. Hilo siwezi kulidanganya, nimeshadanganya vya kutosha. Mwanamke mwingine amekaa na hofu ya mume wangu wiki sita na mimi nimelala kando yake siijui. Angekuwa amemwiba ningejua pa kumlaumu.

Kuna jambo moja zaidi, naomba liandikwe kama nilivyolisema. Ukweli niliujua jana tangu saa tisa. Kituo kiko wazi muda wote na ni mwendo wa dakika kumi. Nilikwenda nyumbani, nikapiga pasi nguo ambazo hakuna aliyezihitaji, na nikamwacha yule dada alale ndani usiku wa pili. Wa kwanza nilikuwa nimekosea. Wa pili nilikusudia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na yale niliyodai kuyaona, na leo nimeyatenganisha mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi na dole gumba)

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, akakubali kuwa ndiyo yake. Nilimuuliza kama angependa kuondoa kipengele cha usiku wa pili kwa kuwa kinamuumiza mwenyewe. Alikataa. Jalada la shauri dhidi yake litapelekwa kwa mkuu wa kituo.

Muuza dawa ameachiwa leo saa saba na dakika kumi mchana. Shahidi alikuwa bado amekaa kwenye benchi la mapokezi. Muuza dawa alisimama mbele yake, akauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Shahidi aliinuka, akasema, "Twende ukamwone. Atakwambia mwenyewe, mimi nitasikiliza."

Waliondoka pamoja kuelekea hospitali, shahidi akitangulia hatua mbili.