Swichi Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi kimekula saa mbili nzima. Jambo moja tu: ukurasa wangu wa mipangilio katika programu yetu. Swichi arobaini na moja — rangi, ukubwa wa herufi, kitufe gani kikae wapi. Miaka mitatu nimeupalilia. Leo Pasi anataka ung'olewe wote.

Pasi ndiye mchoraji wetu wa skrini. Tulimpa jina hilo kwa sababu hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Hoja yake: mtu akinunua kiti hapewi mbao na misumari ajigongee mwenyewe. Sisi tuamue, yeye akae. Mkuu akaleta la simu. Nusu ya wanaopiga kulalamika wana tatizo walilojitengenezea wenyewe. Kuna mfamasia alikiburuta kisanduku cha kutafutia dawa mpaka kikatoka nje ya skrini, akaandika kwenye daftari akisubiri kirudi. Wiki tatu! Nilicheka na wenzangu, ila najua kisanduku hicho mimi ndiye niliyekipa miguu.

Nikasema watu hawafanani. Mkuu akataka ushahidi: nani anazitumia, zipi, mara ngapi. Mwisho Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi

Programu yetu iko kwenye madirisha ya dawa ya hospitali na kliniki, kompyuta mia mbili na sita. Swichi ikiguswa, tunapata tarehe, kilichobadilishwa na namba ya kompyuta. Majina hayamo. Nimeichambua orodha kutwa. Aibu. Mia na themanini hazijawahi kugusa chochote. Nyingine zilibadili rangi siku ya kwanza, basi.

Ila moja! Namba 17. Swichi kumi na tisa, na mpaka wiki iliyopita bado anarekebisha. Huyo ndiye mwenzangu. Nimempitia Pasi mezani kwake kifua mbele, nikamwambia yupo anayejua thamani ya kazi. Akasema mmoja huyo labda ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetafuta 17 iko wapi. Ni dirisha la pili katika hospitali anakofanya kazi dada yangu. Na dirisha la pili ni lake, peke yake, mwaka wa kumi na moja huu.

Kwanza nilifurahi. Damu nzito, nikasema, dada ananiunga mkono kimyakimya. Kisha nikapanga tarehe zake zifuatane, nizionyeshe vizuri kesho.

Herufi zetu zinatoka kiwandani zikiwa 14. Mei mwaka juzi: 16. Desemba: 18. Juni mwaka jana: 22, na siku hiyohiyo kageuza rangi, maandishi meupe juu ya nyeusi. Oktoba: 26. Januari: 30. Wiki iliyopita: 36. Hapo ndipo mwisho, programu haiendi zaidi. Baada ya kufika mwisho alibonyeza kuongeza mara nne zaidi.

Sikula mchana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka ushahidi, namba za kompyuta nimeziondoa. Nikasema yupo mmoja anayehitaji herufi kubwa. Pasi si mtu mbaya. Akasema basi tukuze za wote ziwe 18, tuzifunge hapo. Mkuu akakata shauri: tarehe mosi mwezi ujao, toleo jipya, skrini moja kwa wote. Kazi ya kung'oa akanipa mimi, kwa kuwa naijua mizizi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa dada. Nimemkuta shemeji sebuleni anamsomea kwa sauti barua ya shule ya watoto. Nikamtania, tangu lini umekuwa redio? Akasema dada yako anachoka siku hizi, kutwa kwenye hiyo skrini yenu.

Dada mwenyewe yuleyule, mdomo unamtangulia. Nikamuuliza macho vipi. Macho yangu, mdogo wangu, yanaona mpaka yasiyonihusu. Alisema hivyo huku anapapasa rafu akitafuta kifuniko cha sufuria. Kifuniko kilikuwa mbele yake. Nikampa, akanishukuru, tukaendelea kuongea.

La orodha sikulitaja. Nilianzie wapi? Ningemwambia nimekuwa nikikuchungulia?

Jumanne, 11 Machi

Nimeung'oa ukurasa. Siku mbili. Nilibakiza mstari mmoja tu: kompyuta ikiwa 17, herufi 36, rangi nyeusi. Hakuna atakayeuona. Dada abaki dirishani pake na siri yake, mimi niwe ndugu mwema.

Kisha nikalifikiria hilo dirisha. Kidonge kimoja mara mbili. Viwili mara tatu. Skrini anaweza kuikuza, pakiti ya dawa haina swichi. Nikaufuta mstari. Nikaurudisha. Nikaufuta.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Ukurasa wangu umemsaidia kufanya kazi miaka miwili. Ukurasa wangu umemficha miaka miwili. Pasi akijua atasema nini? Hatasema kitu, na hilo ndilo litakaloniuma.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia dada. Nikamwambia toleo jipya linakuja, herufi hazitakuzwa tena. Akauliza zitabaki ngapi. Kumi na nane. Akasema mwambie huyo mkuu wako aache ujinga. Nikasema ameshaamua. Akasema, wewe si uko humo ndani? Nitengenezee yangu.

Dada yangu hajawahi kuniomba kitu. Hata siku moja. Nami nikamjibu: twende kwanza kwa daktari wa macho, halafu nitakutengenezea. Nimemwekea masharti mtu aliyenilea! Akakata simu.

Saa kumi ukaja ujumbe wa sauti. Siku hizi hutuma wa sauti tu, nami nilidhani ni uvivu. Jumatatu saa tatu, na shemeji yako asijue.

Jumatatu, 17 Machi

Naandikia magotini, kwenye benchi la korido. Dada yuko pembeni yangu, amefumba macho. Wamemtia matone, tunasubiri nusu saa yafanye kazi.

Mle ndani daktari alimuuliza tatizo limeanza lini. Dada akasema kama mwezi hivi, vumbi tu. Daktari akaanza kuandika. Nikasikia sauti yangu ikisema: tangu Mei mwaka juzi. Daktari akaacha kuandika. Dada akanigeukia, akatazama kidogo pembeni ya uso wangu, kama mtu anayetafuta upande wa kuniona vizuri.

Hapa benchini ndipo ameuliza. Hiyo Mei umeitoa wapi? Nimemwambia. Kila swichi, kila tarehe. Nilitegemea matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea.

Ameuliza kama hiyo orodha ninayo hapa. Ninayo, kwenye simu. Nisomee, amesema, usiruke.

Nimesoma. Mei, kumi na sita. Akaitikia kwa kichwa. Desemba, kumi na nane. Akaitikia. Juni, ishirini na mbili, na rangi.

Hapo akanisimamisha. Hapo, amesema, ndipo nilipompa mama mmoja dawa ya mtu mwingine. Akarudi nayo mwenyewe kabla hajaimeza, alizijua rangi za vidonge vyake. Hakunisema. Na mimi sikusema. Nikageuza skrini ikawa nyeusi, nikaona afadhali, nikaendelea na kazi.

Endelea, amesema.

Inayofuata ni Oktoba. Mlango umefunguliwa, nesi anamwita. Amenishika mkono, hainuki.