Mbuga ya Ipole Ilivyonishika Miguu

Ipole, Tabora

Mpwa wangu Tusekile,

Mjomba wako ni mzima, ashukuriwe Mungu na warina asali wa huku. Kwetu Tukuyu mvua ikikatika, udongo wa mlima wa moto unakunywa maji, mtu anatembea. Basi jana ilipokatika nikaingia mbuga nyeusi, bonde la udongo wa mfinyanzi, kwa njia ya zamani ya misafara. Nikazama hadi kifuani! Warina asali walionitoa wanasema magotini, lakini aliyekuwa ndani ni mimi.

"Mzee, punguza kelele, udongo hausikii!" walinicheka, wakinivuta kwa kamba ya magome. Mmoja akanilisha asali, akasema, "Hapa maji hayana pa kwenda. Mvua ikinyesha udongo unavimba, jua likiwaka unapasuka, hata nyumba unazibomoa."

Nikawaza kiwanja chenu cha bondeni. Huko kwetu majivu ya mlima wa moto ni yale yale juu na chini: juu maji yanapita, yanaacha udongo mwekundu mwepesi, chini maji yanatuama miaka na miaka, udongo unakuwa mfinyanzi mweusi kama huu wa Ipole. Mumeo asichimbe msingi huko. Jengeni kwenye shamba langu la juu, nimewapa.

Mungu awajalie watoto wengi wa kunicheka.

Mjomba wako akupendaye,
Ambilikile