Yai Mbele, Bugali Nyuma

Kanyere,

Naenda Kalunguta kwa mujomba yako Edmond kutafuta mayai, juu askari balimaliza kuku yetu. Chini ya sahani kuko yai moja ya kuchemusha. Ni ya baba yako. Umupe kidogo kidogo, atafune, apumuzike. Nyuma, maharagi ya kuponda. Bugali mwisho kabisa, kama nafasi ingali.

Zamani huyu baba alikuwa anamaliza mulima ya bugali, kisha anauliza chakula iko wapi! Lakini munganga alikata kipande ya tumbo yake sababu ya kidonda ya ndani, imebaki kama ngumi ya mutoto. Alisema yai, samaki na maharagi ndiyo inarudisha nguvu. Bugali inajaza tu.

Leo asubui shangazi Emérence alisikia Basimba, bale waasi, bako karibu. Akamushindilia baba yako bugali, kama tunavyofanya mbele ya safari: «Kula, kaka, kule pori hakuna jiko!» Akatapika yote, akaanguka mulangoni. Mimi nilicheka ili asione woga yangu, nikamuinua. Bila nguvu hatatembea, na sisi hatuwezi kumubeba.

~~Mukisikia bunduki, muningoje.~~ Hapana. Mukisikia bunduki, mutoke naye polepole, njia ya mashamba. Ubebe maharagi. Nitakuja nyuma yenu.

Umuambie: niliolewa na mutu munene, nikakubali abaki nusu. Ile nusu ni yangu. Aitunze mpaka nifike.

Mama yako