Ukoo wa Bihogo

Jumamosi, 5 Julai 2025

Jovithe, daktari wa mifugo, amefika kwetu Gasenyi na bahasha na koleo dogo. Anang'oa nywele za mkia — ishirini tu, pamoja na mizizi yake — zinakwenda maabara ng'ambo, na maabara inataja mama, baba, ndugu. Nywele za mkia! Mkia uleule unaonichapa usoni kila nikifagia zizi. Ushirika wa maziwa unataka kila ng'ombe aandikwe hivyo, tusije tukapandisha ndugu kwa ndugu.

Baba amevaa koti. Kwa ajili ya ng'ombe. Anataka Nziza wetu aandikwe rasmi: binti wa Bihogo, mjukuu wa ng'ombe tuliyeachiwa na bibi.

Jumapili, 6 Julai

Leo Buterere, kwa Mzee Yahaya. Bihogo yuko kwake tangu Baba alipompa, zawadi ya urafiki. Watu walicheka wakati ule — ng'ombe wa kufuga umpe muuza nyama? Fisi kakabidhiwa bucha, walisema. Yahaya hakumgusa kwa kisu. Na mwaka wa homa, ng'ombe wetu wote sita walipokufa na Baba akaacha kula, ni yeye aliyekuja kwa miguu akivuta ndama. Mtoto wa kwanza wa Bihogo, amerudishwa kwa aliyetoa, kama desturi inavyotaka. Siku ile Baba alikula. Ndama huyo ndiye Nziza.

Yahaya hakuzipenda zile bahasha. "Unywele itasema nini?" Kila kitu, nikamjibu, kwa majivuno. Kisha akamshika Bihogo mkia mwenyewe, Jovithe akang'oa. Za dume lake Sultani pia.

Alhamisi, 21 Agosti

Majibu yamefika, kwa Kifaransa. Nimeyasoma mara nne, nimesimama.

Sultani ni mtoto wa Bihogo. Nziza siye. Si binti, si ndugu hata wa mbali.

Naiogopa karatasi hii. Nywele chache zimepanda ndege, zimerudi na siri ya mtu mzima, ya miaka mitatu. Jovithe anasema ni habari njema: Sultani anaweza kumpanda Nziza. Sawa. Na Baba je? Kila asubuhi anamsalimia Nziza kwa majina ya sifa ya ng'ombe wa bibi. Nikimwambia, atampoteza nani — ng'ombe au rafiki?

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemngoja Yahaya atoke msikitini. Nimemwambia majibu ya maabara; hakukana.

"Mutoto ya Bihogo ilikufa siku ya tatu, Laure. Na mi nilikuwa nishamuona baba yako. Mutu alikuwa anaenda kaburini. Ningemuletea na habari ya kifo ingine? Nikazunguka masoko, nikapata ndama ya rangi ile."

Alikwenda mpaka milimani kumtafuta. Siku mbili kwa miguu kurudi, ndama mabegani alipochoka. Ameniomba kitu kimoja tu: Baba asisikie kutoka kwangu.

Nilidhani maajabu yako maabara. Nimerudi nikamtazama Nziza mpaka maharage yakaungua. Nimelia, nakiri.

Jumapili, 24 Agosti

Yahaya amekuja bila kuitwa. Kanzu ya Ijumaa, siku ya Jumapili. Baba amefurahi, amemwekea kiti karibu na zizi, wanakunywa maziwa. Mimi nimejificha chumbani na daftari hili.

Baba ananiita: nilete ile karatasi, mwenzake asikie ukoo wa Bihogo umeandikwaje.

Nimeipeleka. Baba amepapasa mifuko, miwani haipo. Akanigeukia mimi nimsomee.

Yahaya akanyoosha mkono. "Leta, mutoto yangu. Mi ndiye nitamusomea."

Yahaya hajui Kifaransa, hata neno. Nimempa.

Nimerudi dirishani, naandika nikiwaangalia. Karatasi ameishika kwa mikono miwili, haitazami. Anamtazama Baba. "Mwaka ya homa," ameanza, "siku ile nilikuletea ndama..."

Baba ameweka glasi chini —