Mawenzi Upande wa Kushoto

Jumatatu, 18 Novemba
Leo mabango matatu: saluni mbili na duka la dawa za mifugo. Herufi nyekundu, kivuli cheusi, kama wateja walivyotaka. Nikiwa bado juu ya ngazi nikaambiwa ukuta wa soko amepewa Felista. Ule mrefu unaotazama barabara, utakaochorwa kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru. Nikasema namtakia heri. Uongo mtupu. Baada ya hapo herufi moja nimeikosea mara mbili.

Jumatano, 20 Novemba
Felista alipokuja kwangu kutoka Mwika hakujua hata kusafisha brashi. Nilimfundisha mimi. Alikula ugali wangu. Kisha akaenda Dar kusoma sanaa, akarudi na miwani mikubwa na maneno mengi. Kamati ya soko ilitupa sote wawili mada moja: kujitawala. Mimi nilipeleka mchoro wa rangi kamili, mwenge, twiga, wakulima wawili wanacheka. Yeye alipeleka karatasi ya penseli. Wakachukua penseli.

Jumamosi, 23 Novemba
Nimepita sokoni kununua ndizi za kupikia mtori. Sikuwa na haja ya ndizi. Ameshaweka mistari ya chaki, mlima na mtoto mdogo chini yake, na watu wamesimama kutazama, wengine na mizigo kichwani. Mabango yangu watu husoma bei, wakaenda zao. Akaniona, akaniamkia shikamoo, akaniomba nikae nimkosoe. Nikasema nina haraka. Kumbe wivu unauma mpaka kwenye taya.

Jumanne, 26 Novemba
Mvua. Mlima haujaonekana wiki nzima. Mama anasema nina uso wa mtu aliyemeza kwinini.

Alhamisi, 28 Novemba
Asubuhi mawingu yamefunguka. Nimesimama uani na mswaki mdomoni. Kilele cha Kibo kushoto, cha Mawenzi kulia, kama tunavyouona mlima hapa Moshi tangu nizaliwe. Hapo ndipo nikakumbuka mistari ya chaki. Nikaenda sokoni karibu mbio.

Kweli. Ukutani ameshaanza kutia rangi, na Mawenzi iko kushoto. Ndivyo mlima unavyoonekana ukiwa Kenya. Sikukuu ya Uhuru wetu, mlima umechorwa kutoka kwa jirani. Na amesomea huyo. Nimefurahi hadi nikaona haya. Kidogo tu.

Ijumaa, 29 Novemba
Baada ya swala nimekwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Mzee Shirima. Ningeweza kumwambia Felista kwanza, njia ya sokoni ndiyo fupi. Nimezunguka. Nikaongea kwa adabu, eti naogopea jina la mji wetu. Mzee alikwenda kutazama, akarudi amekunja uso. Akanishukuru, akaniagizia chai. Nimeinywa yote.

Jumapili, 1 Desemba
Felista ameitwa na kamati baada ya misa. Wamemtaka ageuze mlima. Amekataa, na sababu hakutaka kuitoa mbele ya wazee wale wote. Ukuta nimepewa mimi. Nina siku saba.

Leo nimekula vizuri.

Jumatatu, 2 Desemba
Amekuja kunirudishia ngazi niliyomwazima zamani. Anajua ni mimi. Hakugomba. Heri angegomba.

Alikaa kwenye ndoo ya rangi akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote ile hakuwahi kunieleza, au mimi sikuwahi kumuuliza. Mama yake ni mtu wa Loitokitok, upande wa Kenya. Alilelewa huko na bibi yake mpaka akafikisha miaka saba. Baba yake alikuwa akiishi Mwika, upande wetu huu. Alipotimiza kumi na minane akatakiwa achague nchi moja. Akachagua huku. Yule mtoto mdogo chini ya ukuta, aliyetugeuzia mgongo na kutazama mlima, ni yeye. Mimi nilidhani ni pambo.

"Nilikuwa najua baba yangu anakaa nyuma ya mlima, dada Mwaju," alisema. "Walisema tuchore kujitawala. Sasa mimi ningesimama wapi?"

Nikamuuliza kama amekula. Ndicho kilichonitoka. Akasema ameshiba, akaaga.

Jumatano, 4 Desemba
Nimepiga rangi nyeupe ukuta mzima. Mara mbili. Mtoto alikuwa bado anaonekana. Nikapiga mara ya tatu hapo peke yake.

Mzee Shirima anasema nichore ninavyoona mwenyewe, ilimradi mlima ukae sawa. Nimesimama na brashi mpaka adhuhuri. Miaka ishirini na mbili nachora kwa oda. Mteja anataja rangi, anataja maneno, mimi natia mkono. Nikajaribu kukumbuka siku moja niliyojichagulia jambo. Kazi nilirithi kwa baba. Mume nilitafutiwa, akaondoka kwa hiari yake. Kilichonijia ni ile Ijumaa nilipozunguka njia. Hapo hakuna aliyenituma. Lakini hicho hakichoreki.

Jumapili, 8 Desemba
Nimemaliza. Kibo kushoto, Mawenzi kulia. Mwenge, twiga, wakulima wawili wanacheka. Hakuna kosa. Nimetafuta.

Jumanne, 10 Desemba
Jana sherehe ilikwisha salama. Mzee Shirima alinisifu mbele ya watu, wakapiga makofi.

Leo nimekaa ng'ambo ya barabara tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Watu wamepita wengi. Hakuna aliyesimama. Bado namwonea wivu Felista, na sasa najua si kwa ajili ya ukuta.

Nilipovuka kununua nyanya, mama muuzaji akaniuliza yule mtoto wa pale ukutani amekwenda wapi, alikuwa ameshamzoea. Hakujua mimi ni nani. Nikamwambia nimemfuta mimi. Akanitazama, akanifungia nyanya zangu, akamgeukia mteja mwingine.