Kwa Baba Mwende, Kuhusu Maziwa ya Kiwanda

Baba Mwende,

Habari ya huko? Sisi hapa Mumbuni tunasukuma maisha. Lakini nimekukasirikia, na kwa vile leo huwezi kunikatiza, utasikia yote.

Kampuni ilinipa kazi yako. Meneja alisema mjane wa mfanyakazi mzuri hawezi kuachwa hivi hivi. Nikaingia na ovaroli yako, miguu yake nimeikunja mpaka ikawa minene kama mandazi. Wakanipeleka palepale ulipokuwa, kwa mapipa ya asidi ya kutengeneza dawa ya choo. Wakati wa chai, Mutiso msimamizi akanipa pakiti ya maziwa. Nikauliza hii ni ya nini.

"Ni ya kuosha kifua, mama. Asidi ikiingia, maziwa inaitoa."

Ngai! Na wewe uliileta nyumbani ukaniambia ni zawadi ya wafanyakazi wenye bidii! Nami nikajisifu nayo kwa majirani wa plot nzima! Kila jioni nilipika chai nzito, watoto wakanenepa, na wewe umekaa hapo kwa kiti unakohoa, eti ni vumbi ya barabara.

Na maski je? Mutiso akasema ulipewa ukaipoteza. Kupoteza! Iko kijijini Kola kwa ndugu yako, pamoja na glavu za mpira. Ulikuwa unavivaa ukienda kurina asali. Haki ya Mungu, Baba Mwende, nyuki uliwaogopa, asidi ukaizoea! Nilikucheka peke yangu pale kwa mapipa mpaka machozi yakaja, halafu sikujua tena kama ni kicheko.

Maana Mutiso hakunyamaza. "Kioko wako angekunywa maziwa yake, angekuwa hapa na sisi." Kumbe hata kwa matanga alikuwa akiyasema hayo, na Mwende alimsikia. Ndipo nikaelewa. Msichana wetu aliyekuwa akipigania utando wa maziwa na ndugu zake, tangu tukuzike amekuwa akinywa strungi tu, chai kavu bila maziwa. Mimi nilidhani ni kiburi, nikamgombeza. Kumbe mtoto anaamini walikunywa dawa ya baba yao. Na nikuambie ukweli, mimi pia nilianza kuamini. Nilikuwa nikiwamiminia chai, naona namimina dawa yako.

Halafu kukaja nesi kutoka Nairobi kutufundisha mambo ya kemikali, msichana mdogo tu, lakini mkali. Alituambia kazi ya kampuni ni kununua maski na kufungua madirisha, na kazi yetu ni kuivaa, kusoma maandishi kwa pipa kabla ya kumimina, na kuacha kuweka asidi kwa chupa za soda. Hapo watu wote wakamgeukia Mutiso. Kisha nesi akauliza maziwa ukiimeza inaenda wapi.

"Kwa kifua," Mutiso akasema, amejaa hakika.

Nesi akachora mtu ubaoni, na mirija miwili shingoni: mmoja wa chakula, mwingine wa hewa. Maziwa inapita huku, asidi inapita kule, hazikutani. Mutiso akasema pengine watu wa Nairobi wako hivyo, yeye yake inakutana. Watu wakacheka mpaka meneja akachungulia.

Mimi sikucheka. Nikainua mkono, nikauliza: mtu aliyepelekea watoto wake maziwa yake, kama angeinywa, angepona?

"Hapana, mama," akasema. "Hata angekunywa ng'ombe mzima."

Baba Mwende, nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya watu wote. Wakadhani ni asidi imenipanda. Wengine wakafungua madirisha, na Mutiso, Mungu ambariki, akatoka mbio kuniletea maziwa.

Ilikuwa ya mwisho. Maziwa imekatwa, kila mtu amepewa maski, na kilio kilichopigwa kiwandani, pole mume wangu, wewe hukuliliwa hivyo.

Siku hiyo nilinunua maziwa kwa duka nikienda nyumbani. Nikamweleza Mwende vile nesi alivyosema. Akaniuliza, "Hata ng'ombe mzima?" Nikamwambia, na ndama wake juu. Akacheka kidogo, halafu akalia vile hajawahi kulia tangu uende. Alipomaliza akavuta kikombe, akajimiminia mwenyewe. Nikatoka nje, nikajifanya naanua nguo.

Pumzika basi, mpenzi wangu. Hasira bado niko nayo, na mapenzi pia, usidhani. Nakuahidi hii maski nitaivaa usoni kila siku, hata Mutiso aniite nguruwe. Watoto wetu hawatakosa mtu wa kuwagombeza.

Wako,
Mama Mwende